Kuacha kazi na kuachishwa kazi: nani anapata fao la upotevu wa ajira Mbeya na Iringa?

Mwezi uliopita tulitenga kipindi kizima cha asubuhi kuzungumzia fao la upotevu wa ajira, lile ambalo NSSF humlipa mwanachama aliyepoteza kazi. Tulidhani maswali yatakuwa ya kiasi na muda: mtu analipwa shilingi ngapi, kwa miezi mingapi. Haikuwa hivyo. Msikilizaji mmoja wa Mafinga alipiga simu akasema: "Kamwene mtangazaji. Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka minne, kazi ikaisha. Nimekwenda kuulizia mafao, nimeambiwa sistahili kwa sababu niliacha mwenyewe. Sasa mimi sikuacha."

Tukamwomba atusomee barua yake. Akasoma hewani: naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia. Barua ilikuwa imechapwa tayari ofisini. Yeye alitia sahihi tu, kwa kuwa aliambiwa bila sahihi mshahara wa mwezi wa mwisho utachelewa.

Simu zilizofuata zilikuwa za aina hiyo hiyo. Ndipo tukaona ni vizuri kuliandika jambo hili kwa utulivu, maana redioni mtu husikia nusu, mtoto akilia au pikipiki ikipita nusu nyingine imepotea. Na kuna jambo pana zaidi. Mara kwa mara tunaulizwa kama watu wanaodai fao hili wanaongezeka katika mikoa yetu, na kama ongezeko hilo maana yake hali ya ajira ni mbaya. Jibu letu, kwa kadiri tulivyolifuatilia suala hili Mbeya na Iringa, ni kwamba madai haya hayapimi ukosefu wa kazi. Yanapima nani aliondoka kazini akiwa na karatasi sahihi mkononi.

Fao lenyewe

Tuanze na historia fupi, kwa sababu malalamiko mengi yametoka huko. Mfuko wa NPF ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Ulikuwa mfuko wa akiba: unakatwa, unawekewa, siku ukiondoka unachukua chako. Mwaka 1997 ikaja sheria ya NSSF, mfuko ukawa wa pensheni, lakini desturi ya kuchukua chako unapoacha kazi iliendelea kwa jina la fao la kujitoa. Wakati wa wimbi la ubinafsishaji, viwanda kama Mbeya Textile na ZZK, kile cha majembe, viliposimama, wazee wetu wengi walitoka na kiinua mgongo na akiba yao ya mfuko. Wengine walijenga, wengine walinunua ng'ombe, wengine fedha ziliyeyuka. Lakini wote walibaki na imani moja, kwamba fedha ile ni yao na wanaweza kuidai wakati wowote.

Mwaka 2012 serikali ilijaribu kulifuta fao la kujitoa. Wafanyakazi wa migodini walipaza sauti, suala likafika bungeni, likarudi nyuma. Mwaka 2018 likafutwa kweli. Sheria Namba 2 ya mwaka huo ndiyo iliyounganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, ikaiachia NSSF sekta binafsi na waliojiajiri. Ilianza kutumika Agosti 2018. Mahali pa fao la kujitoa ikaweka fao la upotevu wa ajira. Mwishoni mwa mwaka huo taifa zima lilikuwa likibishana kuhusu kikokotoo cha wastaafu, na Rais Magufuli akaingilia kati mwezi Desemba. Katika kelele zile, mabadiliko haya ya pili yalipita bila watu wengi kuyaelewa. Ndiyo maana hadi leo mtu anakuja dirishani kudai fao la kujitoa, anajibiwa kwamba halipo, anaondoka akiamini ameibiwa.

Sasa masharti. Mwanachama awe Mtanzania. Awe amechangia miezi isiyopungua 18. Awe hajafikisha umri wa kustaafu kwa hiari, miaka 55. Awe hajapata kazi nyingine. Na ajira yake iwe imekoma kwa sababu isiyokuwa kujiuzulu. Akikidhi hayo, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hapati malipo ya kila mwezi. Anapewa nusu ya michango yake mwenyewe kwa mkupuo. PSSSF nayo ina fao hili hili kwa watumishi wa umma.

Tupige hesabu kwa mfano wa mshahara wa shilingi 300,000, ambao kwa maduka, shule binafsi na viwanda vidogo vya huku kwetu si mfano wa mbali. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mfanyakazi hukatwa nusu na mwajiri huweka nusu, yaani 60,000 kila mwezi. Mtu huyu akipoteza kazi atalipwa 99,900 kwa mwezi. Kwa miezi sita jumla ni 599,400. Aliyefanya kazi mwaka mmoja tu, ambaye amekatwa 30,000 mara 12, atapewa 180,000 na habari yake inaishia hapo.

Kuna kitu hesabu hii inakificha. Mtu aliyechangia miezi 18 na mtu aliyechangia miaka 15, kama mishahara yao ni sawa, wanalipwa sawa kabisa. Wa kwanza michango yake ni 1,080,000. Wa pili ni 10,800,000. Mfuko unajibu kwamba michango ya huyu wa pili haijapotea, inamsubiri kama pensheni, na ni kweli: miezi 180 ndiyo inayompa haki ya kupata pensheni ya uzeeni. Sisi tunakubali kwamba sheria ilikuwa na sababu nzuri ya kulinda uzee wa watu. Tunachoshindwa kukubali ni kwamba utumishi wa miaka 15 hauongezi hata mwezi mmoja juu ya ile sita. Afrika Kusini, ambako bima ya kukosa kazi ni ya zamani, muda wa kulipwa hurefuka kadiri ulivyochangia, hadi siku 365. Hilo si jambo la kuigwa lote, uchumi wao si wetu, lakini lingeweza kujadiliwa bungeni bila mtu kugombana. Hata hivyo tusijidharau kupita kiasi. Majirani zetu wa Kenya hawana kabisa fao la namna hii kwenye mfuko wao wa taifa.

Herufi nne

Turudi kwa mama wa Mafinga. Sharti ambalo huwaangusha watu wengi si lile la miezi 18. Ni lile la kujiuzulu.

Kiswahili kina herufi nne zinazoamua kesi nzima, nazo ni ishw. Aliyeandika "kuacha kazi" amejitoa mwenyewe, na mfuko haumlipi. Aliyeandikiwa "kuachishwa kazi" ametolewa, na mfuko unamlipa. Tumeona barua nyingi ambazo mwandishi wake, awe karani au mwajiri mwenyewe, alitumia neno la kwanza akiwa na maana ya pili. Mara nyingine ni uzembe wa lugha. Mara nyingine si uzembe hata kidogo, na hapa inabidi tueleze kwa nini mwajiri angependa uandike kwamba umeacha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi atoe notisi, na kwa anayelipwa kwa mwezi notisi hiyo isipungue siku 28, au amlipe mshahara wa muda huo. Kama mfanyakazi ametimiza mwaka mmoja au zaidi, na hakuachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi. Kama sababu ni kupunguza wafanyakazi, kuna taarifa za kutoa na mashauriano ya kufanya. Sasa angalia: barua moja ya kurasa nusu, yenye sahihi ya mfanyakazi, inafuta sehemu kubwa ya mzigo huo. Mwajiri anaokoa siku zake saba kwa mwaka. Mfanyakazi anapoteza kiinua mgongo, na bila kujua anapoteza pia miezi sita ya fao ambalo halitoki hata mfukoni mwa mwajiri. Hilo la pili ndilo linalotuumiza. Mwajiri hapungukiwi chochote mtu wake akilipwa na NSSF. Angeweza kumwandikia barua ya kweli na fao likatoka.

Sheria hiyo hiyo inatambua kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Mtu akilazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya hali isivumilike, kuacha huko kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa. Lakini halihesabiwi hivyo kwa kulalamika nyumbani. Linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa na kueleza sababu, na huko nako kuna kukubaliwa na kukataliwa. Siku 30 ni chache. Wiki ya kwanza mtu ana mshituko, ya pili anatafuta kazi nyingine, ya tatu anasafirisha vitu kurudi kwao Makete au Rungwe, na ya nne imekwisha.

Madai huja kwa mafungu

Marekani kila Alhamisi wizara yao ya kazi hutoa idadi ya watu waliodai malipo ya kukosa kazi wiki iliyotangulia, na masoko ya fedha hutega sikio. Sisi hatuna Alhamisi ya namna hiyo. Mtangazaji wa mkoani anachoweza kufanya ni kusikiliza simu zinaingia wakati gani na kutoka wapi, na kwa mikoa yetu miwili mpangilio unajirudia hata kwa sikio la mtu asiye mtaalamu wa takwimu.

Maswali kuhusu fao hili hujaa Oktoba na hujaa Januari. Ya Januari ni ya walimu wa shule binafsi ambao mikataba yao ilikwisha Desemba na haikuongezwa. Ya Oktoba ni ya watu wa miradi. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaisha Septemba 30, na kwa zaidi ya miaka ishirini mikataba mingi ya miradi ya afya huku kwetu imekuwa ikifuata tarehe hiyo.

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu wa nje ya mikoa hii hatajua ukubwa wa jambo. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa na 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Nyanda za Juu Kusini zimekuwa kitovu cha kazi hiyo, na mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003 uliajiri huku kwa miaka mingi: wauguzi wa mkataba, washauri nasaha, watu wa takwimu, madereva, wahudumu wa kufuatilia wagonjwa majumbani. Katika miji kama Mbeya na Iringa, ambako ajira zenye mkataba na hati ya mshahara si nyingi, hawa walikuwa ndio wapangaji wanaolipa kodi kwa wakati.

Januari 20, 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika katika siku chache. Baadhi ya huduma zilirudishwa, nyingine hazikurudi, na kufikia Julai 1 ya mwaka ule shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Katika kipindi kile simu za kuuliza fao la upotevu wa ajira hazikungoja Oktoba. Na wengi wa waliopiga walikuwa na kila kitu: mkataba, barua inayosema wazi kwamba kazi imekoma kwa sababu ya fedha za mradi, michango iliyoonekana mwezi kwa mwezi. Hawa walistahili na hawakuwa na sababu ya kuhangaika sana. Tatizo lao lilikuwa jingine: barua ya kusimamishwa si barua ya kuachishwa. Mtu aliyeandikiwa asubiri nyumbani bila mshahara bado ni mwajiriwa machoni pa sheria, na hawezi kudai fao mpaka mkataba wake ukome. Baadhi yao walisubiri miezi wakiwa hawako kazini na hawako nje.

Kwa hiyo mtu akituambia madai yameongezeka Mbeya, swali letu la kwanza ni moja: mradi gani umeisha? Ongezeko hilo linaonyesha watu waliokuwa na ajira rasmi wameipoteza kwa mkupuo. Ni habari mbaya, lakini ni habari ya kundi moja.

Ukimya wa chai na mbao

Kundi jingine halipigi simu za namna hiyo kabisa.

Mufindi na Rungwe zina chai. Majani huchumwa kwa wingi wakati wa mvua. Ikifika Juni, Julai, baridi inashika, mche hautoi, na mikono mingi haihitajiki. Mufindi hiyo hiyo ina shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali, na kandokando ya barabara kuu pale Mafinga mashine za kupasua mbao zinanguruma au hazinguruma kutegemea vibali vya uvunaji. Kibali kikichelewa, au magogo yakiisha, wapakiaji, wapangaji na wasukuma mashine wanakaa. Mbeya nako, ukitoka Uyole ukapanda kuelekea Uporoto, viazi vinaajiri watu wiki tatu kisha vinawaacha.

Watu hawa wanapoteza kazi kila mwaka, wengine mara mbili kwa mwaka. Hakuna dai hata moja. Sababu ya kwanza inajulikana: kibarua wa kutwa mara nyingi hajaandikishwa. Analipwa jioni, hana mkataba, hana namba ya uanachama. Sababu ya pili ni nyeti zaidi, maana inawahusu walioandikishwa na wanaokatwa. Kwenye hati ya mshahara mchango unaonekana, mfukoni fedha zimepungua, lakini mfuko haujapokea kitu. Mtu anakuja kugundua hayo siku anayodai. Tumepokea visa vya namna hii kutoka Mbeya mjini, kutoka Makambako, kutoka Iringa, na hatutataja waajiri kwa kuwa baadhi ya mashauri bado yanaendelea. Tunachoweza kusema ni kwamba kukagua michango hakuhitaji mtu awe ameachishwa. Unaweza kuangalia leo, ukiwa bado kazini, kwa simu au kwa kwenda ofisi ya mfuko na kuomba taarifa yako. Miezi iliyokosekana ni rahisi kuidai ukiwa na kazi, pamoja na wenzako, kuliko peke yako ukiwa umeshaondoka.

Kuna na sababu ya tatu, ambayo ni shamba. Huku kwetu mtu akikosa kazi mjini hakai barazani akisubiri; anarudi kulima mahindi, au anashika bodaboda ya kaka yake. Kwa vipimo vya takwimu huyo anafanya kazi, si mtu asiye na ajira. Iringa ina watu 1,192,728 na Mbeya 2,343,754 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya watu hao riziki yao iko ardhini. Ardhi ndiyo mfuko wao wa upotevu wa ajira, nayo haiombi barua. Lakini mashamba yanazidi kugawanywa, na kijana wa leo wa Tukuyu anayerudi nyumbani anakuta robo eka tayari ina wadogo zake watatu.

Kwa wale wa mashamba makubwa walioandikishwa, kuna jambo la kuuliza. Kanuni zinatofautisha mwanachama mwenye taaluma na asiye na taaluma, na utaratibu wa kulipwa wa kundi moja si wa lingine. Mchuma chai au mpakia mbao asikubali kujibiwa kwa haraka dirishani kwa maelezo ya mhasibu au muuguzi. Aulize anawekwa kundi gani na stahili ya kundi hilo ni ipi, na aombe aandikiwe. Hata kwa asilimia 33.3 fedha yenyewe ingekuwa ndogo. Kima cha chini cha sekta ya kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Theluthi yake ni 46,620. Ukitoa nauli ya kutoka Mgololo hadi Iringa mjini mara mbili au tatu kufuatilia nyaraka, unaanza kuelewa kwa nini wengine hawajisumbui. Hatuwalaumu. Tunashangaa tu kwamba mtu maskini kuliko wote ndiye anayetakiwa kusafiri mbali kuliko wote.

Na ukipita muda bila kazi? Malipo ya sita yakishaisha, mwanachama ambaye bado hajapata ajira baada ya miezi mingine 18 anaweza kuchagua michango yake ihamishiwe katika mpango wa hiari. Wengi wanaotupigia hawajawahi kusikia hatua hii, na wanadhani baada ya miezi sita fedha iliyobaki imefungwa mpaka uzee.

Barua ya kuombwa

Wasikilizaji wameomba tuseme wazi mtu afanye nini siku ya kuondoka kazini, tukiwa hatuna nia ya kufanya kazi ya mawakili. Kubwa ni kutotia sahihi barua yoyote ambayo inasema wewe ndiwe unayeomba, kama huombi. Neno "naomba" peke yake linatosha kukuharibia. Maneno kama "kwa hiari" na "kwa makubaliano" nayo yasomwe mara mbili. Ukilazimishwa, ni afadhali uandike kwa mkono wako chini ya sahihi kwamba umepokea barua tu na hukubaliani na maelezo yake, kisha upige picha kwa simu kabla karatasi haijarudi mezani. Mwajiri ana wajibu kisheria kukupa cheti cha utumishi. Kidai, maana kinaonyesha ulianza lini na umemaliza lini. Mkataba ukiisha kwa tarehe yake, omba barua inayosema hivyo, umeisha na hautaongezwa, kwa sababu kukaa kimya baada ya mkataba kuisha kunaweza kusomwa kwamba ulitoroka kazini.

Tumeulizwa pia kama kufungua kibanda cha chipsi wakati unalipwa fao ni kosa. Sharti linasema hujapata ajira nyingine. Tunawashauri watu wawaeleze maofisa ukweli wanapojaza fomu, kuliko kujibu kwa kubahatisha kisha kuja kubanwa baadaye.

Yule mama wa Mafinga alipopiga simu ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu aondoke kiwandani. Tulihesabu naye hewani. Baada ya kipindi tulimweleza kwamba fomu ya kwanza ya CMA inapelekwa kwanza kwa mwajiri, kisha kwenye ofisi ya Tume, na kwamba usuluhishi una siku zake 30. Alipanda gari kwenda Iringa Jumatatu iliyofuata, kilomita themanini hivi. Swali gumu lilikuwa ushahidi, kwa kuwa sahihi ni yake na hakuna aliyemshika mkono.

Wiki iliyopita alitupigia tena, mara hii nje ya kipindi. Amewatafuta wenzake watatu walioondoka siku ile ile, mmoja yuko Ilula, wawili pale pale Mafinga. Kila mmoja alikuwa bado ametunza barua yake. Wote wanne, siku moja, kwa maneno yale yale, waliomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia. Barua hizo amezitoa nakala, na usuluhishi umepangwa Alhamisi.